Kichwa Nilichokikataza Wembe

Kwa Lorine, Al-Mahjar,
Jeddah.
10 Novemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Protus,

Hujambo, baba? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuendesha lori umepona? Unakula, au ni chai na mkate tu huko Manfuha, Riyadh? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Anayeandika ni Damaris, jirani wa shangazi yako Lorine. Mimi nasema, na nimemkataza kuyapamba maneno yangu.

Nina wiki tatu hapa na hujaja kuniona. Sikulaumu. Sababu naijua.

Jumapili Lorine alituwekea filamu ya kuchekesha, ya zile siku za korona. Wa ghorofa za juu wanawateremshia wa chini chakula kwa kamba, na mtu akikohoa, kamba inakatwa. Halafu kuna ajuza anamnyunyizia mwanawe dawa ya kunguni mlangoni, huku anaimba wimbo wa kanisa. Lorine alicheka hadi akashika mbavu. "Mama, mbona hucheki?" Nikamwambia meno yananiuma. Uongo. Yule ajuza ni mimi.

Ulitoka Riyadh kuja kumzika baba yako, nikakupokea langoni na bomba la dawa ya kupe. Ukanionyesha karatasi ya daktari. Mimi sijui kusoma, na sikumwita mtu anisomee. Nikasema karatasi haizuii mtu kukohoa. Ukazika ukiwa nje ya ua. Siku ya tatu watoto wote wa marehemu wakanyolewa kuondoa msiba, kama ilivyo desturi yetu, na mnyoaji alipokuita, nikamfokea: "Huyo wa Saudia usimguse!" Wewe, mtoto wake wa kwanza! Ukarudi kazini na nywele za msiba kichwani. Wengine waliogopa ugonjwa, Protus. Mimi niliogopa majirani watasema nini.

Naona haya. Miaka mitano nakutumia salamu kana kwamba sikufanya kitu.

Viza yangu inaisha mwisho wa mwezi. Mwombe kafili wako, huyo tajiri aliyekuajiri, siku mbili uje. Akisema mafi, hakuna ruhusa, niambie. Lorine atanileta huko kwa basi, na haya magoti yatanyamaza.

Lorine anakusalimu, na dada yako Beverly kutoka nyumbani. Mungu akulinde barabarani.

Usinyoe kabla hatujaonana. Nimenunua wembe mpya. Nitakunyoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii, bila glavu.

Wako ambaye hakuacha kukupenda hata siku ile,
Nyanya yako Nekesa