Kofia ya Mwanaidi

Temeke, Ijumaa usiku

Na bado najiita mwalimu.

Tangu mfungo uishe namfundisha wifi yangu Mwanaidi, namwambia, "Shona mwenyewe, usimtegemee mtu." Anataka kuishi kwa kushona kofia, asirudishwe Rufiji kuozwa kwa mtu asiyemtaka. Kisha akienda kisimani, mie nafumua maua yake yaliyopinda na kuyashona upya, mtoto kaning'inia titini. Halafu nalalamika nimechoka.

Jumatatu alinishikia mbele ya uso kofia anayomshonea kaka yake. "Wifi, huu si mkono wangu."

Nikasema labda mkono wake umeanza kuzoea.

"Umezoea hadi unashona peke yake, mie niko kisimani?"

Akafumua kila ua nililoligusa. Nikanuna siku nzima. Kweli naogopa: akishajua kushona, mie nitakuwa wa nini kwake?

Leo mume wangu kaivaa msikitini hivyo hivyo, ua moja limelala kama limelewa. Nilijiandaa kumwonea Mwanaidi huruma. Tulipokaa kula, mume wangu akasema mzee mmoja ameipenda, anataka ya kwake kama hii hii, tena ameuliza nani kaishona.

"Mwambie mie," akasema Mwanaidi.

Mdomo wangu ulikwishafunguka kuongeza nani alimfundisha. Nikauziba kwa tonge la ugali. Lilikuwa la moto, machozi yakanitoka, wakadhani ni furaha.

Nimewaacha wadhani hivyo. Nadhani hata ilikuwamo kidogo.