Jumatatu Zako za Kamanga

Mama Kabula,

Shikamoo. Mchungaji wa Kibaptisti anayemwandikia marehemu atachekwa na washirika wake, na wewe ungecheka kuliko wote. Basi tulia. Sikuombi kitu, mafundisho yetu unayajua. Nimekukumbuka tu, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani.

Tangu tukuzike nimevuka ziwa kuja Kamanga mara moja. Kwetu tunaohubiri Jumapili, Jumatatu ni siku ya kupumzika, na miguu ilishazoea kuelekea kivukoni yenyewe. Nilimkuta binti yako Kabula amefagia uwanja, mbuzi wako wamenona, ila jiko limefungwa. Nilikaa kidogo kwenye kigoda chako, nikageuza.

Ulipoanza kutukaribisha ulitueleza sababu bila kupamba. Mumeo alikuwa mchungaji wa hospitali, na ulisema alikufa na vilio vya watu wengine kifuani. Hukutaka kuliona tena jambo hilo. Ndipo ukatuita sisi tunaohudumu wodini na gerezani, pamoja na Neema anayewapa wagonjwa ushauri, tuje kula kwako. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuhubiri.

Simu zetu ulizitia kwenye ungo, ukazifunika kwa kanga. Kisha kisu mkononi, viazi mbele, menya! Mchungaji Elikana wa gerezani alimenya ovyo mpaka ukamwambia maganda yake yanatosha kushibisha mbuzi wote wa Sengerema. Mwanamume anayeogopwa na wafungwa alicheka mpaka akaangusha kisu.

Siku ya kwanza uliniuliza hali. Nikajibu ninavyomjibu kila mtu, "Tunamshukuru Mungu." Ukaniangalia. "Mungu nimeshamshukuru asubuhi. Nakuuliza wewe, Baba Furaha." Tangu niwekewe mikono, hata majirani waliacha kuniita kwa jina la mwanangu. Nikakimenya kiazi kilichokuwa mkononi mpaka kikakaribia kuisha.

Unaikumbuka Jumatatu niliyokuja nimekata shauri kuacha kazi? Wodi ya watoto ilikuwa imenimaliza. Nilikuwa nimewashika mikono akina mama wengi mno, na maneno yalikuwa yameniishia. Nilidhani utanisomea andiko, au utanisihi. Wewe ukanisogezea sahani ya matobolwa na karanga. "Kama unaacha, acha ukiwa umeshiba." Nikala viazi vyako vikavu vile, nikalala mkekani hadi kivuko cha jioni. Kesho yake nilirudi wodini. Hukuniuliza tena habari ile, wala hukujisifu kwamba umeniokoa. Ndivyo ulivyokuwa, mama, na mimi nilikustahi kwa hilo kuliko wahubiri wote niliowahi kuwasikia.

Lakini msibani kwako ulinishinda kabisa.

Nilifika na suti nyeusi, Biblia kwapani, mahubiri tayari. Ni mazoea. Penye msiba sisi ndio tunaosimama, wengine wanalia. Nikasimama mbele ya jeneza lako, nikafungua kinywa niwasalimu wafiwa. Kabula akanyanyuka, akanishika kiwiko, akasema watu wote wakisikia: "Mama ameacha neno. Ninyi watoto wake wa Jumatatu mkae mkekani na sisi. Leo na ninyi ni wafiwa."

Mzee wa kanisa akahubiri. Akina mama wa kwaya wakatunawisha, wakatupa uji. Washirika wangu, ambao miaka yote wamelilia begani mwangu, wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Nililia, mama. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Nilikulilia wewe, na katikati ya kukulilia nikawalilia na wale watoto wa wodini, ambao sikuwahi kupata nafasi ya kuwalilia. Kando yangu Elikana alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya Neema.

Wiki iliyopita Elikana alikuja kwangu huku Nyamagana, macho mekundu. Nilipomuuliza hali akasema, "Tunamshukuru Mungu." Nikamwambia nimeshamshukuru asubuhi. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni akaanza kusimulia, na mke wangu akampa kisu na viazi. Bado anamenya ovyo.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Nyumba yangu haina ziwa mbele yake, na viazi vya sokoni havifikii vya shamba lako. Lakini kila Jumatatu mlango utakuwa wazi kwa kila mchungaji na mshauri aliyechoka kubeba ya watu. Ungo nimeshanunua. Kabula ameahidi matobolwa, na mwenyewe atavuka nayo.

Pumzika, mama yangu. Asante kwa kunilisha. Na Bwana akikuuliza habari za watumishi wake wa huku, tafadhali usimjibu kama tunavyojibu sisi. Mwambie tulilia, tukala, na Jumanne tukarudi wodini.

Ni mimi mwanao,
Baba Furaha