Bila Kichwa, au na Kichwa

Kitale,
Novemba 2009

Dada Nakhungu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje tangu mmalize kuvuna? Shemeji naye, kifua kimepoa? Sisi huku tu wazima, ila nina furaha inayoninyima usingizi, lazima nikumegee.

Kuna kijana anaitwa Hamdun, mwenye studio ya picha karibu na msikiti. Yeye hupiga picha nguo ninazoshona na kuziweka kwenye intaneti. Mwanzoni tulizitundika ukutani, zikawa kama zimeanikwa, hakuna aliyeuliza bei. Akaleta msichana mwembamba, tukaibana nguo mgongoni kwa vibanio vya kamba ndiyo imkae. Bado kimya. Kumbe wanaotafuta nguo zetu ni akina mama wa Kenya walioko Uingereza, wenye miili kama yetu.

Basi Hamdun akaniambia, Mama Ian, si uvae wewe bana. Nikamwambia mjane wa umri wangu hasimami mbele ya kamera akijigeuzageuza. Akacheka, ati atanikata kichwa kwa kompyuta, hata malaika hawatanijua. Nikaomba, nikavaa. Oda zikaanza kuingia, dada. Lakini alikuwa amenipunguza kiuno bila kuniuliza, na mama mmoja akalalamika kwamba gauni la kwenye picha silo lililomfikia. Nikamshonea lingine, na Hamdun nikamwamuru anirudishie kiuno chote alichonipa Mungu.

Sasa kwaya nzima ya huko Uingereza inataka magauni. Ila wanasema hawaagizi kwa mtu asiye na kichwa, wanataka kuona uso wa mama anayeshona. Picha nzima Hamdun anayo, anangoja neno langu. Mimi nangoja lako, maana wewe ndiye kiongozi wa akina mama kanisani hapo Lugulu, na sitaki uulizwe habari zangu ukose la kusema.

Tena acha nikuungamie. Ile karatasi uliyonitumia, picha ya gauni la kijani ambayo mwanao Wakoli alikutolea kwenye intaneti pale saiba ya Bungoma, ukauliza kama naweza kukushonea kama la yule mama aliyesimama kwa heshima. Dada, mama yule ni mimi. Nilicheka mpaka machozi. Kitambaa chako nimeshakikata.

Ian anakusalimu sana. Wasalimie wote, na mniombee.

Niambie tu kama nirudishiwe kichwa au nikae bila. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Nelima