Kura za Mstari Mtupu

Kangle, Guangzhou
9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima. Nimeona niandike, maana kwenye simu tunaishia kuulizana hali tu mpaka salio linakwisha. Namtumia Evaline kwa simu, naye atakuchapishia barua hii pale stesheneri kwake.

Baba, nimeamua kugombea uenyekiti wa Umoja wetu wa wafanyabiashara Watanzania hapa. Usishtuke. Mwezi uliopita Najat, dada wa Zanzibar anayenunua mitandio, alilazwa hospitali. Kichina hajui. Siku mbili alilala pale akishika tumbo tu, na viongozi wote walipigiwa simu, hakuna aliyepokea. Nilipopata habari nikaenda kumtafsiria. Kumbe ni kidole tumbo. Wakampasua siku hiyo hiyo. Nikajiuliza: watu zaidi ya mia na hamsini tunashindwa hata kupanga zamu ya kupokea simu?

Fomu inataka wadhamini wawili wenye ofisi. Wawili walinikubalia, siku ya kusaini wote wakapata dharura. Mizigo yao husafirishwa na Ghalib, wakala wa makontena ya bandari ya Nansha, naye ndiye mgombea mwingine. Ghalib hakumtisha mtu. Watu wamejitisha wenyewe. Basi karatasi ya kura itachapwa jina lake peke yake. Lakini katiba yetu inataka chini yake uwepo mstari mtupu, mwanachama aandike jina la amtakaye. Nitagombea kwenye huo mstari.

Mwanao,
Felisia


Kamachumu
30 Machi 2025

Mwanangu Felisia,

Milele amina, na marahaba. Mguu asubuhi unanitii, jioni unakaidi. Kahawa imetoa maua mazuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili na sijaipenda. Ulikwenda huko kutafuta maisha, si vyeo. Mtu ambaye jina lake halikuchapwa ameshaambiwa hatakiwi. Kwa nini ulazimishe? Na huyo mwenye makontena akinuna, mzigo wako utapita wapi? Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, sikuutaka hata ualimu mkuu, na usingizi nimelala. Jitoe.

Ni mimi baba yako


Kamachumu
18 Mei 2025

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Wiki saba sijapata hata neno lako. Evaline anasema u mzima, ila umenuna. Anasema pia kwamba kikwazo chako sasa si Ghalib, ni mimi. Kwamba huko wote wanakujua kwa jina la Mama Zipu, kwa ajili ya zipu unazouza, na kura haihesabiwi mpaka liandikwe jina la kwenye pasipoti, Felisia Theophil Rwezaura, bila kukosea herufi. Nao wanaandika Teofili. Wanaandika Lwezaula!

Shughuli yako bado sijaipenda. Lakini siwezi kunyamaza jina la baba yangu likiharibiwa. Sikiliza. Usiwape karatasi wakalitazama, jicho husahau. Waandike wenyewe, wewe umekaa kando. Likate vipande: The-o-phil. Rwe-za-u-ra. Anayekosea usimcheke, wala usimfutie. Arudie mwenyewe. Mara tatu leo, mara tatu keshokutwa. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha nusu ya watu wa hapa.

Baba yako


Kangle, Guangzhou
12 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Nilisoma neno “jitoe” nikaogopa kwamba nikikujibu nitajitoa kweli.

Nimefanya ulivyosema. Bi Chen, laoban, yaani bosi, wa karakana ninakonunulia mzigo, mkali lakini ana moyo, ametuachia meza ya kukatia vitambaa kila Jumapili mchana. Tunaandika kwa chaki ya fundi kwenye mabaki ya kitambaa. Abednego, yule wa Mbeya anayenunua jinzi, alitoka jasho.

“Mama Zipu,” akasema, “Ghalib ni tiki moja tu. Wewe unanifanyisha mtihani!”

“Basi ufaulu,” nikamwambia.

Akaandika mpaka akapatia. Wengine wanakuja wakichungulia nyuma, wasionekane na wenye ofisi. Wengine nilikwenda kuwasindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun, kumbe hawatarudi kabla ya siku ya kura. Kura tatu zikapaa na ndege. Na shehena yangu ya mwisho nimeipitisha kwa wakala mwingine, ghali kidogo. Nachoka, baba, lakini sijutii.

Mwanao Felisia


Kangle, Guangzhou
30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko. Nimeshindwa.

Ghalib kapata sabini na nne. Mimi sitini na moja. Zangu nyingine ishirini na mbili zimekataliwa kwa kukosewa jina. Ukumbi ukachafuka, watu wakitaka tuunde umoja wetu mwingine pale pale. Nikapanda juu ya kiti, nikasema hapana, tukigawanyika atakayeumwa kesho atampigia nani? Nikamwomba Mzee Agustino, msimamizi wa uchaguzi, kitu kimoja tu: azisome kwa sauti zile zilizokataliwa.

Akasoma. “Felista Theofil Rwezaura. Felisia Tiofili Lwezaula.” Watu wakacheka. “Felisia Theophil wa zipu.” Wakacheka tena. “Yule dada aliyenitafsiria hospitali.” Hapo hawakucheka. Nikamwona Najat ameinamisha kichwa. Mzee Agustino aliendelea mpaka ya mwisho, na sauti yake haikuwa ile aliyoanza nayo.

Sheria ni sheria, akasema, na Ghalib ni mwenyekiti. Nikampa mkono. Nilipofika chumbani ndipo nikalia.

Mwanao


Kangle, Guangzhou
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa kiangazi. Jana nimepata mgeni. Ghalib alikuja karakanani, akasimama mlangoni kama mtu wa kuazima kitu.

“Dada Felisia,” akasema, “nimezijumlisha zile kura. Mie wameniwekea tiki. Wewe watu themanini na watatu wameketi wakakuandika kwa mikono yao. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile.”

Mwezi ujao ataitisha mkutano, katiba irekebishwe: jina likieleweka ni la nani, kura ihesabiwe. Na ananiomba niwe mkuu wa zamu za dharura. Mwenyekiti ana mamlaka ya kuteua, anasema. Nikikubali, naanza kesho.

Nimemwambia anisubiri. Safari ile nilikuarifu tu. Safari hii nakuomba ruhusa.

Mwanao, Felisia


Kamachumu
3 Agosti 2025

Mwanangu Felisia,

Marahaba. Sisi wazima, mguu umetulia.

Tangu uondoke nyumbani hujaniomba ruhusa, usianze leo. Kazi kubali. Uteuzi kataa. Ukiteuliwa na mmoja, mmoja huyo huyo atakuondoa. Mkutano ukikaa, wapige kura, na safari hii jina lako wakalichape. Mwambie hivyo huyo bwana, kwa adabu. Amefunga safari mpaka mlangoni kwako, si jambo dogo.

Jumapili baada ya misa padri aliniuliza habari zako. Siku zote humjibu kwamba unafanya biashara. Safari hii nimemwambia unagombea.

Ni mimi baba yako