Sudi Aliyesomewa Khitma

Shela, Malindi
12 Agosti 2025

Mpendwa kaka Stambuli,

Shikamoo. Afya yako yaendaje, na joto la Maskati wastahamili? Sisi hatujambo, ila macho ya Mama yamezidi kufifia. Barua hii anakuletea binamu yetu Mazin, pamoja na kifurushi cha ukwaju ambacho nitakueleza.

Kwa kuwa Mama hawezi tena kusoma, kila alasiri mimi humsomea riwaya huku akipepeta mchele. Tulianza moja ya Sudi, mpishi wa meli aliyeondoka kwao bila kumuaga mamake. Mama akakunja uso. Nilijua anakuwaza wewe, maana huu mwaka wa tatu jina lako halitajwi nyumbani. "Mwana asiyeaga hana radhi," akasema. "Soma, lakini mimi simhurumii."

Basi siku moja Sudi akapika samaki wa kupaka huko melini, kwa kukumbuka tu mkono wa mamake. Akatia ukwaju mapema, tui likakatika, akalia juu ya sufuria. Mama akaweka ungo chini. "Hakuonyeshwa, maskini! Yuwafanya haraka. Mwambie angoje tui lichemke!" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Tangu hapo Sudi akawa wa kwetu. Hata chai ikiiva, Mama ataka kujua kama naye amekula.

Jumatano tulifika alipofariki, hajarudi kwao. Kesho yake ilikuwa khitma ya wazee wetu, na Mazin ndiye aliyeandika majina ya marehemu wa kuombewa, Mama akimtajia. Mwalimu akasoma, akasita, akauliza huyu Sudi ni wa nani.

"Ni mtoto wa watu, Mwalimu. Msomee," Mama akajibu nyuma ya pazia, uso mkavu kabisa. Mimi nilijifunika buibui nisionekane ninavyocheka.

Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni akilia. "Huyu nimemlilia na simjui," akaniambia. "Na wangu je, ningoje afe?" Kaka, nililia naye, kwa furaha.

Ukwaju ameuchambua mwenyewe, kwa kupapasa. Ijumaa baada ya Alasiri piga simu. Atakayepokea ni yeye.

Shangazi Hafswa na wanawe wanakusalimu sana. Mola akuhifadhi na akurudishe salama. Mama ameniagiza niandike neno lake hapa mwisho, lisipungue wala lisizidi: "Radhi nimekupa. Tui kwanza, ukwaju baadaye."

Nduguyo akupendaye siku zote,
Zeina