Mahali pa Lasse

Märsta, Stockholm

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Hiyo ni yangu, na ya wifi yako ipo nyuma yake. Ya watoto nakufikishia mimi, maana siku hizi hata kusalimia wanasalimia Kiswidi. Goti linasemaje? Na shemeji, bado anaficha andazi chini ya gazeti akidhani huoni? Sisi afya ipo. Baridi nayo ipo, na ndiyo iliyonona zaidi.

Kwenye simu uliniuliza kama bado nafanya kazi "kwenye friji". Dada, ule ni uwanja wa barafu. Watu wazima wanavaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana na kidude cheusi kwa magongo, na wanalipwa mshahara. Mimi ni mtunza vifaa: nanoa visu, nakausha glovu, nafua jezi. Kuteleza kwenyewe sijui mpaka leo. Nikikanyaga barafu natembea kama mtoto aliyetoka jandoni jana, na wachezaji wanapata burudani ya bure.

Sasa nikupe lililoninyima raha msimu huu.

Tulikuwa na beki mkongwe, Lasse, tuliyezeeka naye pamoja, ila yeye tumbo halijamtoka. Katika chumba cha kubadilishia nguo kila mchezaji ana mahali pake kwenye benchi, na pa Lasse palikuwa karibu na mlango. Kila anayetoka kwenda kucheza lazima ampite, naye humgonga begani. Hakuna aliyeingia uwanjani bila kugongwa. Msimu ulipoanza, kocha akamwambia miguu imekuwa mizito, na nafasi yake atapewa kijana mmoja, Yosua. Lasse akaitikia kwa kichwa, akaondoka na koti lake tu. Viatu akaviacha vikining'inia. Hakuna aliyethubutu kuvigusa, wala mimi.

Huyo Yosua mama yake ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Fisksätra. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ila "anko" hajaiacha. Ana mbio ajabu. Kocha akampa mpaka Krismasi: asipotulia, atapelekwa timu ndogo huko kaskazini, na vijana wanaopelekwa huko wengi hawarudi.

Siku ya kwanza namkuta pale penye mahali pa Lasse, anavaa akiwa amesimama.

"Kaa, bwana."

"Pana mtu, anko."

"Mtu gani? Mtu yuko kwake Jakobsberg anatembeza mbwa."

"Pana mtu," akarudia, akaendelea kufunga kamba kwa mguu mmoja kama korongo.

Nilicheka. Kisha Lasse akaanza kuja. Asubuhi za mazoezi anakaa safu ya juu kabisa ya viti vya watazamaji, kwenye kiza, na koti lake, hasalimii mtu. Sasa hata mimi nywele zikaanza kunisimama. Yosua akipata kile kidude anatupa jicho kule juu kwanza, na akishusha macho kimeshachukuliwa. Tukafungwa mechi mbili kwa makosa yake. Kocha naye akawa anapita mlango wa nyuma ili asikutane na Lasse.

"Zungumza naye wewe," akaniambia.

"Kocha ni nani hapa?"

"Wewe anakupenda."

Nikapanda ngazi zile nikihema kama shangazi akipanda Uluguru. "Lasse, unakuja kututazama au kututisha?"

Hakucheka. "Mke wangu ananiambia nilale. Saa ya mazoezi ikifika mwili unajivalisha wenyewe. Nikizinduka nipo kwenye treni."

"Kijana hakai mahali pako."

"Naona. Anacheza kama mtu aliyeazima nguo."

Nikamweleza desturi yetu: mtu akifariki, siku ya kuanua tanga vitu vyake vinatolewa mbele ya watu, mrithi anakalishwa na kupewa mkononi, ili aliyeondoka asibaki akizunguka nyumba.

Akanitazama sana. "Lakini mimi sijafa."

"Ndiyo maana utagawa mwenyewe."

Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi akashuka mpaka chumbani kwa wachezaji. Akatungua viatu vyake, akapapasa ile benchi kwa kiganja, akamwita Yosua. "Kaa." Kijana akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Unapewa." Akakaa. Lasse akamgonga begani, akatoka na viatu kwapani. Kocha alikuwa anaangalia sakafu.

Dada, siku ile kijana alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Kocha akamwambia anabaki.

Lasse hajaja tena. Ndilo tulilolitaka, lakini mpaka leo wachezaji wakiingia uwanjani wanaangalia juu, na mimi pia. Nilimpigia simu akapokea mkewe. Akasema amelala, siku hizi analala mpaka mchana. Sikujua nimpe pole au hongera.

Juzi Yosua alibaki nyuma wakati naanika glovu. "Anko, siku yangu ikifika, nani atakuja kuniita nikabidhi?"

"Wewe hata ndevu hujaota."

"Nakuuliza."

"Siku hiyo mimi nitakuwa Morogoro, nanenepa kwa dada."

"Basi kabla hujaondoka," akasema, "mfundishe mtu."

Kijana wa miaka kumi na tisa, dada. Amepata alichokuwa akikililia, na tayari akisikia mlango unafunguliwa anageuka kutazama nani anakuja kupachukua.

Nisalimie shangazi wa Kihonda, binamu fundi cherehani, na mwanao mwalimu, mwambie mjomba anamwonea fahari. Baki na amani nyumbani kwako, nami niombee.

Mdogo wako niliyekufuata mgongoni,
Hamisi