Siku Nilipombanisha Babu Pumzi

Jumatano ya pili ya Juni. Huku kwetu Mpuguso kuna ukungu na manyunyu tangu alfajiri, lakini mimi nina furaha. Leo naandika yote, hata la Mama.

Mwezi uliopita kipimo cha tumbo kilionyesha kuwa mshipa mkuu wa damu wa Babu, uitwao aota, umetuna. Ukituna kupita kiasi unaweza kupasuka, na wengi hawafiki hospitali. Figo zake ni dhaifu, hivyo daktari hakutaka kumchoma dawa ya kung'arisha picha. Akatuandikia MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huko Mbeya, ijulikane kama atapasuliwa.

Niliogopa. Sikumwambia mtu.

Jana Babu aliingizwa kwenye ile mashine iliyo kama pipa refu. Mtaalamu wa picha, ambaye si mwenyeji wa huku, aliomba ndugu mmoja amwelekeze kwa Kinyakyusa kupitia maiki: avute pumzi, aibane, asitikisike. Baba yuko kazini Songea, kwa hiyo Mama akaketi penye maiki.

Hapo ndipo tulipokosea. Mama ni mkamwana wake. Kwa wazee wetu, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Babu akikohoa njiani, Mama hukatiza migombani. Sauti yake ilipomfikia, mzee aligeuza uso na mabega. Picha zikatoka zimechafuka. Wakarudia, akageuka tena.

Mtaalamu akauliza kama mgonjwa ana maumivu.

"Hapana," Mama akasema. "Ananiheshimu." Akanipisha kiti.

Mimi na Babu ni watani. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, "Mzee, ukitikisika tena, Mpuguso nzima nitawaambia uliogopa pipa. Haya, bana pumzi."

Akabana. Kila nilipomwambia, alitulia tuli.

Daktari alituonyesha mshipa wote, unaonekana vizuri kabisa. Palipotuna ni padogo kuliko tulivyohofia. Hakuna upasuaji! Ameze dawa za presha, asibebe mizigo mizito, apimwe tena mwakani.

Nililia mbele za watu, na sioni aibu. Siku moja nataka kukaa kwenye kiti kile kwa kazi, kama mtaalamu wa picha.

Asubuhi hii Babu ameshauliza mkungu wa ndizi una kilo ngapi mpaka uitwe mzito. Wewe uliyewahi kumuuguza mzee wa namna hii, ulimzuiaje? Nijibu leo hii, maana kesho ni siku ya soko na panga ameshalinoa.